Jinsi ya Kufuta Visa ya Kutoka Saudi Arabia Ambayo Hukuitumia: Mwongozo Kamili kwa Wafanyakazi

Safari imeahirishwa. Tiketi imesogezwa mbele, bosi amekubali uendelee na kazi, nguo zimerudi kabatini. Wengi wakifika hapo huona mambo yamekwisha, na hapo ndipo kosa linapoanza. Visa ya kutoka iliyokwisha kutolewa kwa jina lako inabaki kwenye mfumo wa uhamiaji wa Saudia mpaka utoke nayo, au ifutwe, au muda wake uishe. Muda ukiisha ukiwa bado ndani ya nchi, inadaiwa faini ya riyal 1,000 kabla jambo lako jingine lolote halijasogea.

Swali la jinsi ya kufuta visa hiyo linarudi kila mara kutoka kwa akina dada wa kazi za nyumbani, madereva na walinzi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi. Karibu wote wamekwama pale pale: walidhani kufuta tiketi ni kufuta visa, au waliridhika na bosi aliyesema kwa mdomo "khalas, nimefuta". Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ile ya kuhakikisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya ikama yako (kibali chako cha ukaazi), tarakimu 10. Wageni wakazi namba zao huanza na 2.
- Pasipoti, au angalau picha yake inayoonyesha namba na tarehe zote.
- Namba ya visa yenyewe na tarehe iliyotolewa. Ziko kwenye karatasi ya visa au faili ambalo mwajiri hupakua kutoka Absher, jukwaa la serikali ya Saudia la huduma za mtandaoni.
- Simu yenye intaneti. Laini iliyosajiliwa kwa ikama yako ni bora zaidi. Laini ya jina la bosi itakuzuia kufungua akaunti yako ya Absher.
- Jina la mtu ambaye ikama yako iko chini yake, yaani kafili. Huenda siye unayemfanyia kazi kila siku. Kama ikama iko kwa baba mwenye nyumba, mama wa nyumbani hawezi kufuta visa kwenye akaunti yake hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Pesa huhitaji, ikiwa siku za visa hazijaisha. Kufuta ndani ya muda hakuna ada.

## Hatua ya 1: Tambua visa uliyopewa

Zipo mbili, na watu huzichanganya sana.

Ya kwanza ni visa ya kutoka na kurudi, ambayo kwenye karatasi utaiona kwa Kiarabu kama خروج وعودة. Hii ni ya likizo. Hulipiwa: riyal 200 kwa safari moja isiyozidi miezi miwili, na riyal 100 kwa kila mwezi wa ziada. Ile ya safari nyingi ni riyal 500 kwa miezi mitatu, na riyal 200 kwa kila mwezi unaoongezwa.

Ya pili ni visa ya kuondoka moja kwa moja, خروج نهائي. Ukitoka nayo, ikama yako imekwisha na mwajiri huyo mmeachana. Hii haina ada.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu siku zake hazihesabiwi sawa, na athari ya kuchelewa haifanani. Kusahau visa ya likizo kutakugharimu faini na usumbufu. Kusahau visa ya kuondoka moja kwa moja kunaweza kukufanya mkazi asiye halali, hata kama kila asubuhi unaamka na kufanya kazi katika nyumba ile ile.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja aina ya visa yako na tarehe iliyotolewa bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 2: Hesabu siku zako

Visa ya kuondoka moja kwa moja kwa kawaida hudumu siku 60 tangu ilipotolewa. Hesabu ni tangu ilipotolewa, si tangu ulipoambiwa. Wapo waliotolewa visa hiyo wakajulishwa wiki tatu baadaye, na wiki hizo tatu hazirudi. Mfano: visa iliyotolewa tarehe 1 Machi, chukulia kwamba mwisho wake ni tarehe 29 Aprili. Usipigie hesabu siku ya mwisho kabisa. Lenga kufuta angalau wiki moja kabla, maana bosi anaweza kuwa safarini, akaunti yake ikajifunga, au ikama yako ikahitaji kushughulikiwa kwanza.

Visa ya kutoka na kurudi ina sura mbili. Ikiwa imeandikwa kwa idadi ya siku, mfano siku 60 au 90, una miezi mitatu ya kutoka nchini tangu ilipotolewa, na siku za likizo huanza kuhesabiwa siku unayovuka mpaka. Ikiwa imeandikwa "rudi kabla ya tarehe fulani", siku zinaliwa tangu visa ilipotolewa, uwe umesafiri au hujasafiri. Soma karatasi yako vizuri uone ni ipi.

Angalizo kuhusu tarehe: nyaraka nyingi za Saudia hubeba tarehe ya Hijria pamoja na ya kawaida. Miezi ya Hijria ni mifupi, na mtu akizichanganya anaweza kujikuta amepoteza siku kadhaa. Andika tarehe ya mwisho kwa kalenda unayoitumia kwenye simu yako, kisha weka kengele ya kukukumbusha siku 15 kabla na siku 7 kabla.

## Hatua ya 3: Hakikisha ikama yako bado ni halali

Hapa wengi huumia kwa kuamini kadi iliyo mkononi. Kadi ya mkazi inayotumika tangu mwaka 2015 hutengenezwa kukaa miaka mitano, lakini ikama yenyewe huhuishwa kwenye mfumo, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kadi inaweza kuonekana mpya ilhali ikama imekufa miezi minne iliyopita.

Angalia tarehe ya kweli ndani ya akaunti yako ya Absher, au mwombe mwajiri akuonyeshe kwenye yake. Visa ikiwa imepita muda, hairuhusiwi kufutwa mpaka ikama iwe hai, na ndiyo maana hatua hii inakuja kabla hujamwomba bosi lolote. Ikama ikikaribia kuisha katika siku hizo hizo za visa, mambo mawili yanakimbizana. Mwambie mwajiri afute visa kwanza ndani ya muda, kisha ahuishe ikama mara moja.

## Hatua ya 4: Amua kama kweli unataka visa ifutwe

Hatua hii miongozo mingi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa mwenye visa ya kuondoka moja kwa moja.

Visa hiyo ndiyo ruhusa yako ya kwenda nyumbani. Mfanyakazi wa nyumbani hawezi kujipatia visa hiyo mwenyewe. Mabadiliko ya sheria ya kazi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa makampuni uwezo wa kuomba visa za kutoka bila kusubiri idhini ya mwajiri, lakini yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, walinzi wa nyumba, wachungaji wa mifugo na watunza bustani. Ikiwa uko katika kundi hili, ukikubali visa ifutwe utalazimika kumwomba mwajiri upya siku utakapotaka kuondoka, na huenda siku hiyo hana haraka.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, pata majibu ya haya:

Kama unaendelea na kazi, ni kwa mkataba gani? Omba makubaliano mapya yaingizwe Musaned, ambako mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani huandikishwa, yakionyesha mshahara na muda. Ahadi ya "tutakuongeza baada ya Ramadhani" haina pa kushikwa.

Je, una mshahara unaodai? Dai lilipwe au liandikwe kabla ya kufuta. Bosi anayekuomba ubaki ana sababu ya kukusikiliza wiki hii; mwezi ujao sababu hiyo inaweza kuwa imepotea.

Je, unabaki kwa hiari yako? Dada yangu, kama umechoka, unaumwa, au nyumba hiyo haina usalama, usifute. Tumia visa uliyonayo uondoke ndani ya siku 60. Hakuna anayeweza kukulazimisha kubaki kwa sababu tu mfanyakazi mwingine bado hajafika.

Kwa mwenye visa ya likizo uamuzi ni mwepesi: tarehe za safari zikibadilika kiasi kwamba visa haitoshi, ifutwe na itolewe nyingine. Jua tu kwamba ada iliyolipwa hairudishwi visa ikishatolewa, hata ukifuta siku ile ile, na visa mpya italipiwa upya.

## Hatua ya 5: Mwombe mwajiri kwa maandishi

Zungumza naye kwa adabu kama kawaida, kisha tuma ujumbe wa WhatsApp siku hiyo hiyo. Maandishi yanasaidia mambo mawili: bosi mwenye shughuli nyingi hasahau, na mambo yakienda mrama una ushahidi kwamba uliomba mapema. Ofisa wa kazi au wa ubalozi hutaka kuona tarehe. Maneno matupu hayampi pa kuanzia.

Ujumbe huu unaweza kuunakili na kujaza tarehe, na unafaa kwa mwajiri mwanamume au mwanamke:

السلام عليكم. أرجو إلغاء تأشيرة الخروج النهائي الخاصة بي من أبشر قبل تاريخ ... وإرسال صورة تؤكد الإلغاء. شكراً.

Maana yake: "Salamu alaikum. Naomba visa yangu ya kuondoka moja kwa moja ifutwe kwenye Absher kabla ya tarehe fulani, na nitumiwe picha inayothibitisha kufutwa. Asante." Kama visa yako ni ya likizo, badala ya الخروج النهائي andika الخروج والعودة.

Usiufute ujumbe huo. Piga picha ya skrini na uitume kwa ndugu yako nyumbani, simu isije ikapotea au kuchukuliwa pamoja na ushahidi wako.

Ukiona alama za kusoma lakini hakuna jibu, tuma tena baada ya siku mbili, ukitaja siku zilizobaki. Huko si kusumbua. Faini ikija, jina lililo kwenye mfumo ni lako.

## Hatua ya 6: Jinsi mwajiri anavyofuta kwenye Absher

Kazi hii haihitaji kwenda ofisi ya Jawazat (idara ya pasipoti na uhamiaji ya Saudia), na kwa mtu anayejua njia ni ya dakika chache. Bosi akisema hajui, mwonyeshe mpangilio huu:

1. Aingie Absher kwa akaunti yake binafsi na athibitishe kwa Nafath (programu ya serikali ya kuthibitisha utambulisho) au namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake.
2. Afungue sehemu ya wafanyakazi walio chini yake.
3. Achague jina lako.
4. Aingie kwenye huduma za visa, ambapo ataona visa iliyotolewa na hali yake.
5. Achague kufuta, إلغاء, kisha athibitishe.

Kampuni hutumia Absher ya biashara au Muqeem, mfumo wa mtandaoni wa kushughulikia ikama na visa za wafanyakazi wageni, na anayefanya ni ofisa wa utumishi au yule mwakilishi wa kampuni anayeshughulika na ofisi za serikali. Mfanyakazi wa kampuni aliyejiombea visa mwenyewe aanzie kwenye akaunti yake mwenyewe.

Sharti moja kubwa: ni lazima uwe ndani ya Saudia. Aliyekwisha kuvuka mpaka hana visa ya kufuta, kwa kuwa ameshaitumia. Akiwa nyumbani kwa likizo na anahitaji siku zaidi, jambo lake ni kuongezewa muda, na hilo pia hufanywa na mwajiri kupitia Absher.

Tahadhari juu ya matapeli. Wako watu kwenye TikTok na magrupu ya WhatsApp wanaodai wana "mtu Jawazat" atakayefuta visa kwa riyal 300 au 500. Wakala aliyekusafirisha kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam naye hana kitufe hicho. Anachoweza ni kumpigia mwajiri. Anayekuomba namba ya siri ya Absher au tarakimu zinazokuja kwa ujumbe anataka kuingia kwenye akaunti yako, na akiingia anaweza kufanya mengi kwa jina lako.

## Hatua ya 7: Hakikisha mwenyewe

Neno la bosi pekee lisikutoshe. Wengine husema wamefuta wakiwa wamefunga tu ukurasa kabla ya kuthibitisha. Hawakukusudia kudanganya, ila visa bado ipo.

Njia ya kwanza ni akaunti yako ya Absher. Fungua sehemu ya visa zako usome hali yake.

Njia ya pili ni kwa asiye na akaunti. Tovuti ya Muqeem ina ukurasa wa kuangalia uhalali wa visa, ulio wazi kwa mtu yeyote. Utaweka namba ya ikama au ya visa, kisha taarifa nyingine moja ya kukutambulisha, kama namba ya pasipoti au tarehe ya kuzaliwa.

Njia ya tatu, zote mbili zikishindikana, ni picha ya skrini ya bosi yenye jina lako, namba ya visa na neno la hali yake.

Maneno utakayokutana nayo ni haya:

- سارية: bado inatumika, haijafutwa.
- ملغاة: imefutwa. Hili ndilo unalolitafuta.
- مستخدمة: imeshatumika.
- منتهية: muda umekwisha bila kutumika wala kufutwa.

Umefaulu pale tu unapoona ملغاة, au pale visa ile haionekani tena kama halali na ikama yako bado iko hai. Piga picha, ihifadhi, itume nyumbani.

## Siku zikiwa zimeshapita

Usijifiche, na usiitoroke nyumba kwa hofu. Kutoroka kunampa mwajiri nafasi ya kuripoti kwamba umeacha kazi, ile ripoti tunayoiita hurubu, na hapo tatizo la riyal 1,000 linageuka kuwa kesi ya kukamatwa na kurudishwa.

Ikama ikiwa hai, mwajiri analipa faini ya riyal 1,000 kupitia SADAD (mfumo wa Saudia wa kulipia bili) kwenye benki yake, kisha anafuta visa kwa njia ile ile ya Hatua ya 6. Mfumo haumruhusu kufuta kabla ya malipo, kwa hiyo akikuambia "Absher inakataa", swali la kwanza la kumuuliza ni kama amelipa.

Ikama ikiwa imekwisha, jambo haliishii kwenye simu tena. Mwajiri anapaswa kuchukua miadi na kwenda Jawazat. Namba ya Jawazat ya maulizo ni 992.

Nani abebe faini? Kwa wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Kazi, Kifungu cha 40 kinampa mwajiri mzigo wa ada za ikama, faini za kuchelewa kuihuisha, visa ya kutoka na kurudi, na tiketi ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, ujumbe wako wa Hatua ya 5 ndio utakaoonyesha uchelewaji ulikuwa wa nani. Usikubali makato ya mshahara kimya kimya. Uliza sababu kwa maandishi.

## Mwajiri akikataa au akinyamaza

Anza na Wizara ya Rasilimali Watu kwa namba 19911. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza pia kupeleka malalamiko kupitia Musaned. Uwe na namba ya ikama, jina la kafili na zile picha za ujumbe. Eleza jambo moja kwa wakati mmoja: visa ya aina gani, ilitolewa lini, inaisha lini, uliomba ifutwe lini.

Sambamba na hapo, wasiliana na ubalozi wako mjini Riyadh. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi huko. Ubalozi hauwezi kufuta visa, lakini simu ya ofisa wa ubalozi kwa mwajiri mara nyingi hufanya kazi ambayo ujumbe wako kumi haukuifanya. Mpigie pia wakala wako, umwambie unataka jibu kwa maandishi.

Usidhani kwamba kufungua malalamiko kunasimamisha siku za visa. Endelea kuhesabu. Zikibaki siku 10 na mwajiri bado hajafuta, rudi kwenye Hatua ya 4 ujiulize tena kama ni salama zaidi kuondoka kwa visa hiyo kuliko kubaki ukiwa huna uhakika. Anayeamua kuondoka awe na pasipoti yenye uhalali wa kutosha, siku 60 kwa visa ya kuondoka moja kwa moja na siku 90 kwa ile ya likizo. Pasipoti hiyo ni mali yako. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia, na kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 ziko upande wako.

## Ukihitaji visa nyingine baadaye

Visa mpya inaweza kuombwa baada ya ile ya zamani kuonekana imefutwa. Usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla hujaiona visa mpya kwa macho yako, ikiwa na jina na namba ya pasipoti sawasawa na zilizo kwenye pasipoti unayosafiria. Kama ulibadilisha pasipoti katikati, mwajiri lazima aingize taarifa za pasipoti mpya kwenye mfumo kwanza. Faini za barabarani zilizo kwa jina lako nazo zilipwe mapema, hasa ninyi madereva, kwa sababu visa haitatolewa zikiwa bado zinadaiwa.